Kezia Aliacha Kalamu, Nami Nikala Mkate

Nyumba ya Kasisi,
Harrowclough, Yorkshire.
Juni 3, 1868

Mpendwa mdogo wangu Ambrose,

Kabla ya yote, hujambo? Mkeo Tabitha naye hajambo, na huyo mtoto ambaye sisi bado tunamlea kwa mawazo tu? Naomba barua hii iwakute wazima huko Otago ng'ambo ya bahari, kabla hamjaanza kuwakata kondoo manyoya. Huku tuko salama. Baba kikohozi kimemwacha, ingawa yeye hajakiacha kiko. Mvua ni ileile uliyotuachia.

Utakuwa umeshangaa kufungua bahasha ya Pasaka na kukuta haina shairi la dada yako Kezia. Halikupotea njiani, Ambrose. Halikuwepo. Kosa ni langu, na leo nataka nikueleze, maana nimechoka kulibeba peke yangu.

Betsy wetu aliondoka mwaka mpya akaolewa, na hatujapata mtumishi mwingine. Kwa hiyo jikoni tunapokezana zamu, mimi na Kezia. Unamjua alivyo. Akianza kutafuta kina cha shairi, husimama na mwiko mkononi macho yakiwa dirishani, na uji unaungua. Baba huula kimya kimya, maana yeye ni kasisi. Mimi si kasisi.

Basi ile jioni ya kuamkia Kwaresima tulikaa kula chapati za maji, na kila mmoja akasema atakachojinyima, kama zamani. Baba akasema kiko. Mimi nikasema sukari. Kezia akasema siagi.

"Siagi!" nikamcheka. "We Kezia, siagi huili hata ukibembelezwa. Hapo unafunga wewe au anafunga ng'ombe?"

"Basi nijinyime nini, dada?"

"Kile kitakachokuuma."

Akautazama wino wake uliokuwa kwenye ubao wa dirisha. Mimi pia nikautazama. Ningeweza kugeuza maneno yale yakawa mzaha, lakini nilikaa kimya, kwa kuwa moyoni nilikuwa nauona uji usioungua.

Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki. Yaya wetu, Nan Sugden, alikuwa mfumaji, na Kezia alikuwa akilala chini ya mtambo wake wa kufumia, akiusikiliza ukigonga. Mizani ya mashairi aliijulia pale kabla hajajua kusoma. Jioni mama akija kutusomea Zaburi, Kezia alikuwa akizigonga kwa vidole juu ya blanketi. Kwake sala na shairi vilinyonya ziwa moja. Hata Bwana Eldon Firth alipomposa, kisha akamwambia kwa uaminifu kwamba hamwamini Mungu tena, Kezia alimkataa huku anampenda. Alilia kipupwe kizima, na kilio hicho ndicho kilichozaa kitabu chake. Kwa kuwa jalada lilikuwa na herufi za kwanza za jina lake tu, wasomaji wa London walidhani ni cha kasisi fulani mzee! Mtu wa namna hiyo ukimwambia atoe kinachouma, hatatoa siagi, atatoa kalamu.

Pasaka ikafika. Baba alikiwasha kiko kabla hata hajavua kanzu ya ibada. Mimi nilijaza sukari mpaka kijiko kikasimama. Kezia akatumiminia chai, akakaa akashona.

"Mfungo umekwisha," nikamwambia. "Nenda kachukue kalamu yako."

"Nilichompa Mungu sikumkopesha, dada."

Palepale ndipo nilipopaswa kusema kweli. Sikusema. Ambrose, nyumba haijawahi kunyooka kama miezi hii! Mkate unaumuka, mashati ya baba yamepigwa pasi, na uji mweupe kabisa. Nilikuwa nikila na kushiba, na usiku nalala fofofo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno yenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kisha ikakaribia Pentekoste, na unajua maandamano ya watoto yalivyo hapa. Nguo mpya nyeupe, bendera, na kila mwaka wimbo mpya wa Kezia. Watoto wa shule ya Jumapili wakaja mlangoni, wakiongozwa na Tamar Haigh, yule binti wa muuza maziwa, ulimi wembe.

"Mwalimu Kezia, wimbo wetu uko wapi? Wamethodisti wameshapata wao, wanaturingia mpaka basi!"

"Mwaka huu sina, mwanangu," Kezia akasema, akaingia ndani upesi.

Nikaona haya. Nikaahidi kuutunga mimi. Usicheke. Nilikaa nao juma zima, na nilipomaliza nikawasomea watoto ubeti wa kwanza:

*Tunatembea barabarani,
Na Mungu yuko juu mbinguni kabisa.*

Wakatazamana. "Mwalimu Dorcas," Tamar akasema, "huo mstari wa pili unachechemea kama punda wa babu."

Nikaupeleka jikoni. Kezia alikuwa anakanda unga, mgongo kwangu. Nikausoma kwa sauti. Mikono yake ilianza kuugonga ule unga, kwa mwendo uleule wa mtambo wa Nan Sugden. Nilipofika penye kuchechemea, mikono ikasimama. Ikasubiri. Kisha akaikunja ngumi akaibana kifuani, kama mtu anayejizuia kukohoa kanisani.

Nikajua kwamba mashairi hayakuwa yamemtoka hata siku moja. Kila siku alikuwa akiyafungia mlango, na mimi nakula mkate.

"Kezia," nikasema, "siku ile sikusema kwa ajili ya Mungu. Nilikuwa nimechoka na uji wa kuungua."

"Nilijua, dada."

"Ulijua! Mbona basi ukafanya?"

"Wewe ulinisukuma tu. Niliyempa ni Yeye."

"Hakupata kitu! Sadaka yako haikufika madhabahuni, niliila mimi njiani. Nani alikuambia Mungu anachukia alichokupa mwenyewe?"

Alifunika unga kwa kitambaa, akatoka akaenda bustanini bila kofia, na mvua inanyesha. Nililia juu ya meza ile mpaka baba akaja kuuliza chai.

Juzi Jumatatu maandamano yakapita. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Watoto wakaimba wimbo wangu, na ule mstari wa pili haukuchechemea! Nikamvuta Tamar pembeni. Akasema Mwalimu Kezia hakuandika kitu, aliwapigia makofi tu, tena na tena, mpaka maneno yakajipanga yenyewe. Nikamtafuta Kezia katika umati. Alikuwa ananitazama, amewiva mashavu kama mwizi.

Tangu siku hiyo hatujalizungumza. Sijui kama nimesamehewa, na miezi yake niliyoila haiwezi kurudi. Chai yangu haina sukari, na safari hii sikumtangazia mtu. Mwombee dada yako, uniombee na mimi.

Msalimie sana Tabitha, mbusu mtoto, na umwambie ana mashangazi wawili, mmoja mwema. Baba anawabariki. Nan Sugden bado yu hai, haoni tena, lakini anauliza kama kuna mtambo huko. Bwana awalinde ninyi na mifugo yenu, na bahari iliyo kati yetu isiwe kubwa kuliko

Ngoja. Leo zamu ya jikoni ni ya Kezia, na harufu imenifikia huku juu. Ni uji. Unaungua, Ambrose, unaungua haswa! Nasikia mwiko umedondoka, na hakuna anayeuokota.

Sishuki. Tutaula hivyohivyo.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,
Dorcas