Kura ya Jeshi

Dzaleka, Malawi
Jumanne, baada ya mavuno

Yaya Véronique, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana anayetulinda sote wawili, wewe kule kambi ya Nyarugusu na mimi huku Malawi. Mguu wako unaendeleaje? Bado unakataa fimbo? Huku tu wazima. Arlène wangu alikohoa majuma mawili, lakini sasa anakula nsima kama mtu aliyetoka kulima. Mahindi tumevuna kidogo, si haba. Mwanao Ciza ni mzima, yuko hapa nyumbani. Nimeanza na hilo ili haya mengine uyasome ukiwa umekaa vizuri. Sikutaka kuyasema kwa simu, maana simu ya jirani yako inasikilizwa na nyumba nzima, na haya ni yetu.

Unajua tangu serikali ilipoagiza wakimbizi warudi kambini, nami nikafunga kaduka kangu ka Area 49 kule Lilongwe, watu wetu wana maneno mengi na kazi chache. Ibada ikiisha wanaume wanagombana juu ya vita vya kwetu mpaka wanasahau kusalimiana. Mchungaji Ndikuriyo, Mrundi mwenye subira, akasema kama ni kugombana, basi tugombane kwa utaratibu. Akatangaza débat, mjadala wa Jumamosi: nchi yetu itainuliwa na nini, jeshi, sheria za serikali, au soko huru? Kila msemaji avute kikaratasi, atetee upande aliopewa hata kama haupendi, ili tujifunze kusikilizana. Tulikuwa watatu. Gertrude wa Bukavu, yule anayekaanga mandazi, akapata serikali. Mwalimu Télesphore, ambaye tangu azaliwe hajauza hata kiberiti, akapata soko. Mi kura ilinipa jeshi.

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Gertrude akaanza. Akasema pasipo sheria wenye nguvu ndio wanaokula; hata siku ya kugawa chakula, ukiondoa mstari, wenye mabega wanaondoka na magunia na wajane wanaondoka na vumbi. Wanakwaya wakamuuliza kama mandazi yake yana leseni. Akawajibu kwamba mandazi yake yana njaa yao, na hiyo inatosha. Tulicheka sana. Télesphore naye akasema hata vita vilipokuwa vikali, mama zetu walivuka mto kwenda kuuza mawese kwa watu wa upande ule, na hakuna aliyeuliza mawese ni kabila gani. Serikali ilinde barabara, akasema, halafu imwache mtu auze. Nilishangaa, maana alisema kama mtu aliyezaliwa sokoni.

Kisha mimi. Yaya, sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema shamba lisilo na mlinzi, mvunaji wake ni nguruwe mwitu. Nilisema sheria ni karatasi na soko ni meza, na mwenye bunduki anaichoma ile karatasi, anaipindua ile meza. Nikaeleza siku waliyochoma ghala la mihogo la baba, na yeye akiwa ndani. Hakuna aliyecheka tena. Nilipofika mwisho nikainua mkono wangu wa kuume, nikasema mtoto wa kiume atakayesimama kulinda ardhi ya babu yake, mkono huu uko juu ya kichwa chake.

Watu wakapiga makofi. Ciza akasimama kule nyuma. Akasema kwa upole, kama anavyosema siku zote: "Mama mdogo amenibariki mbele ya kanisa. Nitakwenda."

Nilifikiri anatania. Lakini wewe unajua kwetu neno la mama mbele ya watu lina uzito gani, na mama mdogo ni mama. Tangu mwaka jana wenzake waliobaki kwetu walikuwa wakimwita kwa simu aende kuchukua bunduki, na alikuwa akiwajibu kwamba hana ruhusa ya mama. Hayo sikuyajua. Kumbe njo kile kitu kimoja kilichokuwa kinamzuia, na mimi nikakiondoa nimevaa kitenge cha Jumapili, watu wakinishangilia.

Jumatatu asubuhi Arlène akaja mbio kuniambia kitanda cha kaka yake Ciza kimetandikwa na begi halipo. Nilipanda kabaza mpaka barabara kubwa, yule kijana wa baiskeli akinyonga na mi nikiomba. Nikapata gari mpaka Lilongwe. Sikuwa na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, mimi niliyecheka Gertrude alipoulizwa leseni. Pale Old Town, kwenye depo, nilizunguka mabasi yote ya kaskazini, njia ya kurudi kwetu. Nikamwona ameketi kwenye benchi, begi magotini, anasubiri gari la Karonga.

Yaya, aliponiona alifurahi. Hilo ndilo lililonikata moyo. Akanipisha mahali, akasema, "Mama mdogo, umekuja kunisindikiza."

Sasa nifike kwenye lile lililofanya niandike. Hapo juu nimekuambia kwamba kura ilinipa jeshi. Si kweli. Niliandika hivyo kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwambia kila mtu, na mkono ulishazoea. Kikaratasi changu kilikuwa cha soko, mimi niliyeuza sabuni na mafuta miaka yote ile. Télesphore ndiye aliyevuta jeshi, akawa anakikunja kikaratasi na kukikunjua. Nikamwomba tubadilishane kabla Mchungaji hajageuka. Alinishukuru. Alidhani namhurumia. Kumbe tangu siku ya baba nilikuwa na maneno yamenikaa kifuani, ninayaimbia zaburi juu yake ili yasisikike, na siku hiyo nilipata mahali pa kuyatoa na jina la kuyafunikia. Sikucheza, dada yangu. Kila neno nililisema kwa moyo, na mbele yangu nilikuwa ninaona waliomchoma baba. Ciza sikumwona. Mwanao alikuwa amekaa mule mule na mimi sikumwona.

Hayo yote nikamwambia pale kwenye benchi. Nikamwambia: "Ilikuwa hasira yangu, nikaivalisha baraka. Hasira ni ya kwangu, sitaki wewe uibebe. Ule mkono nauondoa."

Kondakta akaita watu wa Karonga mara mbili. Ciza hakuinuka. Gari lilipoondoka ndipo akasema: "Ungeniambia ulikuwa unacheza débat tu, ningepanda. Niliona machozi yako Jumamosi, ningejua unanidanganya."

Tulirudi pamoja. Jumapili nikaomba kusimama kanisani. Nikasema habari ya kikaratasi, nikayaondoa maneno yangu kwa jina la Yule aliyeyasikia. Vijana wengine walinung'unika, wakasema mama ameogopa. Ni kweli, nimeogopa. Télesphore akasimama kuungama sehemu yake, na Gertrude akasema sasa inajulikana kwa nini mwalimu aliuza mawese vizuri vile: alikuwa na furaha ya mtu aliyekimbia jeshi. Hata Ciza alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu depo.

Leo anashona. Amepata kazi ya sare za shule, na amemchukua yule mmoja wa walionung'unika amsaidie kukata vitambaa. Lakini sitakudanganya mara ya pili: hajasema haendi. Amesema mama yake mzazi yuko hai, na atangoja neno lake. Kwa hiyo usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, kwa mkono wako, neno lililo lako, si langu. Mzee Byamungu anayekuletea barua hii atakaa huko siku nne, na amekubali kungoja jibu.

Wasalimu wote wa nyumbani mwako, na mama wa kwaya wanaokumbuka sauti yangu mbaya. Bwana autie nguvu mguu wako na kalamu yako.

Ni mimi mdogo wako asiyekuficha kitu tena,
Rosette, mama Arlène