Ngozi Yangu Ndani ya Jeli

Alhamisi, Shinyanga. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi, na chakula cha mchana nimekirudisha nyumbani kama nilivyokibeba.

Haya nilipaswa kuyaandika hapa mtandaoni Jumatatu. Sikuandika kwa sababu sikutaka kuyasoma.

Kwa miezi minane nimekuwa nikisafisha protini moja ya bakteria wa kifua kikuu, tuliowaotesha kutoka kwenye makohozi ya wachimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo. Tukiiweka kwenye damu ya watu waliowahi kuugua, chembe nyeupe zinaamka kana kwamba zimemwona adui wa zamani. Huenda siku moja ikasaidia kutengeneza chanjo. Kilichobaki ni kujua imeundwaje, asidi amino moja baada ya nyingine. Nikakata kipande cha jeli, ule utando laini tunaotenganishia protini, chenye protini hiyo, tukakituma Dar es Salaam kisomwe.

Jumatatu majibu yakaja. Karibu yote ni keratini, protini ya ngozi ya binadamu.

Daktari Nkwabi, mkuu wa maabara yetu, aliyasoma mbele ya watu wote. Kisha akamgeukia Mama Kabula, anayetuoshea vyombo.

"Mama, ulishika vyombo kwa mikono mitupu?"

"Hapana, Daktari. Mimi huvaa glovu."

"Basi hii ngozi imetoka wapi?"

Mama Kabula akaangalia chini. Ana umri wa mama yangu. Siku hiyohiyo akatolewa maabara, akapelekwa kufagia uwanja.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikichunguza kalamu yangu.

Ngozi ni yangu.

Siku ya kukata jeli umeme ulikatika, feni ikasimama, mikono ikaloa jasho ndani ya glovu. Wembe ukaniteleza mara mbili. Nikazivua glovu, nikakata, nikakiokota kipande kwa vidole. Sikukosea kwa kutojua. Sheria ya kutovua glovu huwa naifundisha mimi kwa wanaokuja mafunzoni.

Jumanne nikanyamaza. Jumatano nikajiambia kwamba kufagia si adhabu, ni kazi kama kazi nyingine. Nilijiambia hivyo nikiwa dirishani, namwona anainama juani na kitambaa kimefunika pua.

Leo nimeingia ofisini kwa Daktari nikamweleza. Hakupaza sauti.

"Jeli tutakata nyingine," alisema. "Lakini yule mama umemwachaje siku tatu?"

Nikasema niliogopa. Akasema naye alikosa, maana alimuuliza mmoja tu. Akanituma nikamwambie Mama Kabula arudi.

Nikamkuta nyuma ya jengo, nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

Nikamweleza yote. Ufagio haukusimama.

"Nilijua," alisema. "Siku ile umeme ulipokatika, mimi ndiye niliyezitoa glovu zako mezani. Zilikuwa kando ya wembe."

"Sasa mbona hukusema?"

Hapo ndipo akasimama. "Wewe umesoma. Ningesema mimi, nani angenisikiliza? Nikadhani utasema mwenyewe, palepale."

Heri angenifokea. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Nikampa ujumbe wa Daktari. Akasema atarudi, ila si kwa kuitwa kimyakimya huku nyuma ya jengo. Walioambiwa kwamba mikono yake ni michafu na waambiwe vinginevyo, akiwepo. Kisha akaendelea kufagia.

Kikao cha wiki ni kesho saa tatu asubuhi. Nitasema kwamba glovu nilivua mimi. Hilo naliweza, ni kosa la kazi. Halafu nitasema kwamba nilimsikia Mama Kabula akilaumiwa, nikajua ukweli, nikanyamaza.

Hilo la pili ndilo ulimi unalikataa. Nimeliandika hapa, watu wasome, ili kesho nisiweze kuliruka.