Mshipa Wangu na Jina Lako

Baba,

Nakuandikia nikiwa chali kitandani hapa Nyamasaria, miguu nimeitanua kama mtu asiye na adabu. Nikicheka nyuzi zinavuta, kwa hiyo nitajikaza nisicheke.

Tangu tukuzike mambo ni mengi, lakini kubwa ni hili: nimepasuliwa mshipa. Hivyo ndivyo nilivyowaambia majirani, nao wakaniletea pole na ndizi, kila mmoja akidhani ni ngiri. Sikusema uongo. Mshipa ni mshipa. Wangu ni ule unaopitisha mbegu, na daktari ameukata ili mimi na Akinyi tusizae tena. Mwenzangu mmoja wa karakana ya reli aliyeujua ukweli ameniita maksai, akauliza nitaanza lini kuvuta plau. Nikamwambia asubiri nipone, kisha amuulize Akinyi.

Akinyi ananiuguza vizuri. Ananunua barafu kwa wachuuzi wa samaki, anaifunga kwenye kitambaa na kuniwekea pale panapouma. Nadhani ni mimi peke yangu Kisumu nzima ninayenuka samaki wa ngege kiunoni.

Mtoto wetu wa mwisho ulimpakata mwenyewe, na damu ya mama yake uliiona siku ile. Daktari alisema mimba nyingine itamzika. Kisha ukaondoka wewe, na nyuma yako hakuna aliyezaliwa nyumbani kwetu wa kupewa jina lako. Hilo ndilo limekuwa likininyima raha.

Juzi Mama alikuja kutoka Usenge na omena na kuku. Akaketi karibu nami, akaniambia umemjia ndotoni unadai mjukuu wa kuitwa jina lako, basi nikishapona huo mshipa tusikawie. Niliogopa, Baba, sikufichi. Nikageukia ukuta nikamweleza yote.

"Sasa Mzee akinirudia ndotoni, nitamwambia nini?" akaniuliza.

Nikamkumbusha ule mwaka alipougua, ukawa unamkorogea uji mwenyewe huku wanaume wa ufukweni wakikucheka. Uliwajibu, "Mke wangu akifa, ninyi ndio mtanipikia?" Nikamwambia, huyo Mzee mwambie hivyo hivyo. Mama akafuta macho kwa ncha ya leso. Aliinuka akaenda jikoni kumsaidia Akinyi kunyonyoa kuku, na baadaye nikawasikia wakibishana kuhusu chumvi.

Sikuombi msamaha. Nilikupenda, na bado nakulilia nikiwa peke yangu bafuni, lakini kati ya jina na Akinyi nilimchagua Akinyi, na kesho ningemchagua tena. Usije tena kumsumbua Mama ndotoni. Ukiwa na neno, njoo kwangu, mimi ndiye niliyeamua.

Tena huko karakana hakuna anayejua jina nililobatizwa. Wanatumia la baba tu. Kila asubuhi msimamizi husimama mlangoni akaita, "Ogola!" Na mtu anayeitika ni mimi.

Pumzika, Baba. Jumatatu narudi kazini. Msimamizi akikuita, nitaitika kwa sauti.