Maneno ya Daktari kwa Mzee Asukulu

Winnipeg, 29 Januari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, magoti yamekupa nafuu, na wote hapo Uvira ni wazima. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inayotutawala.

Kaka yako amefika salama. Alishuka kwenye ndege na ndala, soksi mbili kila mguu. Nilipomvisha koti akasema, "Feza, sasa mnanivika godoro?" Uwanja mzima wa ndege ulitugeukia kwa vicheko.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Shirika letu la Mkeka tumelianzisha sisi wenyewe tuliotangulia kuja. Kila mgeni tunampa kijana mmoja wa kwetu amwonyeshe basi, duka na benki, na amtafsirie. Mgeni anapata mwenyeji, na kijana anakumbuka lugha ya nyumbani. Mjomba nimempa Nyassa, binti wa Etabo, ana miaka kumi na sita na Kiingereza kinamtoka kama maji. Zahanati wana mkalimani wa kwenye simu. Mjomba alimsikiliza kidogo, akairudisha simu. "Mimi shida za tumbo langu siziambii simu. Mleteni mjukuu wangu." Ndivyo anavyomwita Nyassa. Basi nikawaandikisha jina la Nyassa na namba yake.

Mwanao,
Feza

Uvira, 12 Februari

Mwanangu Feza,

Marahaba. Sisi hatujambo, magoti ni yaleyale. Nakuandikia badala ya kutuma sauti, kwa sababu sauti nyumba hii wanaisikiliza wote mpaka kuku.

Asante kwa kumpokea kaka yangu. Ila namjua. Utotoni alivunjika mkono, akajifunika blanketi kutwa akisema ana usingizi. Akikuambia hajambo, usimsadiki. Tumbo lile lilianza kumsumbua tangu alipokuwa kambi ya wakimbizi. Mpeleke hospitali wewe mwenyewe, ukae kitini, usikie kwa masikio yako.

Na umpikie samaki. Amenilalamikia kwamba sombe yenu ya majani ya muhogo ina barafu ndani.

Mama yako mdogo,
Apolina

Winnipeg, 21 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Pole na mvua, nimesikia barabara imekatika tena. Huku theluji bado inatufika magotini.

Mjomba alipimwa, kisha akaitwa kupewa majibu. Siku hiyo wafadhili walikuwa wanakuja kututembelea na sikuweza kutoka, kwa hiyo alikwenda na Nyassa. Walirudi na maandazi ya dukani. Nilipouliza, Nyassa akasema, "Babu apumzike, anywe maji mengi." Mjomba akasema ndivyo hivyo. Sikumbana zaidi, maana vijana wetu tunawafundisha kwamba ya chumbani kwa daktari hayatoki chumbani. Sheria hiyo niliitunga mimi, na wafadhili waliisifu sana. Niliwasimulia habari za Mjomba na mjukuu wake, mmoja akafuta machozi. Wametuongezea ufadhili wa mwaka mwingine.

Basi tulia, moyo wako upumzike.

Mwanao,
Feza

Uvira, 3 Mei

Mwanangu Feza,

Hujambo? Watoto wa Mkeka hawajambo? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu.

Nimeongea na kaka kwa simu. Sauti yake imekonda. Anasema ni chakula cha huko. Sasa niambie, ni daktari gani anayemwita mtu mara ya pili kumwambia anywe maji? Hata mimi mwalimu wa darasa la pili ningemwambia hivyo, tena bure. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nenda kaulize.

Mama yako mdogo,
Apolina

Winnipeg, 27 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Usijitie wasiwasi. Huku daktari hanipi habari za mtu mzima bila mwenyewe kukubali, na Mjomba ukimgusia anahamia kwenye habari za mbegu. Tumempa kipande katika bustani ya jamii, amepanda mahindi. Jirani yake ni mama wa Kifilipino. Hawana lugha hata moja ya kuelewana, lakini wanagombania maji kila asubuhi na kila mmoja anamwelewa mwenzake vizuri.

Familia nyingine zimewasili na kambi ya vijana ya kiangazi imekaribia, hata kulala silali. Nyassa hatumwoni tena Jumamosi kwenye mikutano ya vijana. Mama yake anasema ni umri.

Nitakuandikia vizuri nikipata nafasi.

Feza

Uvira, 18 Julai

Feza,

Salamu. Kaka hapokei simu yangu, au akipokea anasema amechoka. Umeuliza? Nijibu hata neno moja.

Mama yako mdogo

Uvira, 10 Septemba

Feza,

Mbona kimya?

Winnipeg, 30 Septemba

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, naomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma.

Mjomba alianguka bustanini mwishoni mwa Agosti. Amelazwa tangu siku hiyo. Ni saratani ya utumbo, na imeshasambaa. Safari hii nimeandikwa ndugu wa karibu, na daktari alinishangaa ninavyouliza, kwa sababu alishaeleza yote mwezi wa tatu na alitaka Mjomba arudi apasuliwe haraka. Walipiga simu tena na tena. Namba waliyokuwa nayo ni ya Nyassa.

Nilikwenda kwao nikampandishia sauti. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu bila kuniangalia, "Mama Feza, mimi mtoto nimwambie babu anakufa? Si mnasema mtoto akimtajia mzee kifo amekiita?" Nikamwambia basi angeniambia mimi. Akasema, "Ulisema ya chumbani hayatoki. Wakipiga nilikuwa nakata. Ningewajibu nini?" Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Kwa sheria yangu nilimfungia binti yule mlango wa ofisini, na mila ilikuwa imeshamfungia wa nyumbani.

Julai sikukujibu kwa sababu ya shughuli. Tangu Agosti sikukujibu kwa sababu ya woga. Nisamehe.

Mjomba mwenyewe hajui. Mkalimani wa simu amemkataa tena, na wazee wetu wamewaomba madaktari wasubiri. Wanasema neno kama hilo halitoki kinywani mwa mpwa wa kike, linataka mzee mwenzake au mchungaji. Mchungaji yuko Edmonton. Akirudi atamwambia.

Mwanao,
Feza

Uvira, 2 Oktoba

Feza,

Umempandishia mtoto sauti. Na wewe, mtu mzima, umenifanyia mimi nini?

Nimelia, nimenyamaza, sasa nisikilize. Usimsubiri mchungaji. Nenda leo, shika simu sikioni pake, nitamwambia mimi. Tulinyonya ziwa moja. Nilikuwa namfulia nguo, na yeye alikuwa ananipigania shuleni. Mtu ana haki ya kujua kwamba anaondoka, ili aseme anayotaka kusema. Yapo ambayo kaka yangu angetaka kuniambia.

Simu yangu iko mkononi.

Apolina

Winnipeg, 12 Oktoba

Mama mdogo,

Nilipokupigia siku ile nilishindwa kusema zaidi ya kwamba amekwenda. Haya mengine nakuandikia, kwa kuwa unastahili kuyajua.

Ujumbe wako ulinikuta kikaoni na wazee. Niliwasomea wote. Mzee Wilondja akasema, "Dada mdogo, tena kwa simu? Kwani mgonjwa hana watu?" Wakakata shauri tungoje, mchungaji angefika Jumapili. Nikawatii. Mjomba alifariki Jumamosi alasiri. Mara ya mwisho kuzungumza naye aliniuliza kama mahindi yamevunwa, na akaniagiza nimwachie yule Mfilipino mistari miwili, kwa kuwa alimwonea sana kwenye maji.

Hapa watu wananiita kiongozi. Hospitali ni safari ya basi moja tu kutoka pale tulipokuwa tumekaa. Ningeweza kuinuka, na hakuna ambaye angenishika mkono. Sikuinuka, Mama mdogo. Niliona aibu mbele ya wazee, na aibu ile imekunyima sauti ya kaka yako. Hilo linaniuma kuliko yote.

Tulimzika vizuri. Watu walijaa. Nyassa hakuja.

Mwanao,
Feza

Uvira, 28 Novemba

Feza,

Sijambo kidogo. Sikukuandikia muda wote huu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kikali, nikakifuta. Tumemlilia kaka bila mwili, watu wamekula, wameondoka.

Nimepokea picha ya kaburi. Nimepokea pia ile taarifa yenu ya mwaka uliyowatumia watu wote, ya wageni mliowapokea na vijana mliowafundisha. Najua kaka yangu yumo katika hesabu ile, na Nyassa yumo. Nimeisoma mara moja, imetosha.

Sikuchukii. Ningekuchukia ningekuwa nimepunguza mzigo, lakini wewe ni mtoto wa dada yangu. Nina ombi moja tu. Nasikia yule binti haongei na mtu, hata shule ameacha. Nenda kwao, mpe simu yako. Mwambie hivi: mimi, ndugu wa tumbo moja na Asukulu, nampa ruhusa ya kusema. Ambaye ruhusa yake ilihitajika hayupo tena. Nataka maneno ya daktari, yote, kama yalivyotoka. Ile sheria yako iweke pembeni.

Mama yako mdogo,
Apolina

Winnipeg, 19 Desemba

Bibi Apolina,

Shikamoo. Habari za Uvira? Natumaini unaendelea vizuri. Mimi ni Nyassa. Mama Feza amenipa simu yake, yeye yuko jikoni na mama. Kiswahili changu cha kuandika si kizuri, unisamehe. Nimechelewa kwa sababu nilianza mara nyingi nikaacha.

Daktari alikuwa mwanamke. Alivuta kiti akakaa karibu na babu, sio karibu na mimi. Alikuwa anamwangalia babu machoni. Alisema hivi:

Bwana Asukulu, nina habari mbaya na ninasikitika kuwa mimi ndiye ninayekuletea. Una uvimbe kwenye utumbo, na ni saratani. Tumeiona mapema, haijasambaa. Tukikupasua mwezi huu, una nafasi kubwa ya kupona. Tusipokupasua itakuua, pengine kabla ya mwaka kwisha. Najua ni mambo mengi kwa siku moja. Una swali lolote? Kuna mtu wa kukaa na wewe usiku wa leo?

Halafu wote wawili wakaniangalia mimi.

Babu akauliza, "Kasema nini?" Nikamwambia, amesema upumzike na unywe maji mengi. Babu akasema, "Maneno yote yale ndiyo hayo tu? Watu hawa wanapenda kuongea." Akacheka. Daktari alipoona anacheka akaniuliza kama ameelewa. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ana swali. Nikasema hana.

Lile la kupona, Bibi, nililisikia vizuri. Lakini lilikuja pamoja na lile la kufa, na sikujua namna ya kumpa moja bila lingine.

Hayo ndiyo maneno yote ya daktari. Sijaongeza, sijapunguza.

Mjukuu wako,
Nyassa