Babu Saba wa Liban

Garissa, Jumatano, 1966

Joto limekaa tangu asubuhi na hakuna hata jani linalotikisika. Wingu limejikusanya upande wa mto lakini halinyeshi. Mwandiko wa leo ni mbaya.

Nina miaka hamsini na minne, ni mkalimani wa ofisi ya wilaya. Maisha yangu yote nimesema maneno ya watu wengine. Mwaka juzi, nikiwa tayari na mvi na wajukuu, nilianza kuandika riwaya kwa Kiswahili katika madaftari ya shule. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa na furaha ya mzee aliyeota meno mapya.

Riwaya inamhusu Liban, mfugaji aliyenyang'anywa ngamia akaingia msituni na bunduki. Liban hayupo duniani. Nilimtunga mwenyewe, kuanzia kovu la shavuni.

Ila babu zake sikuweza kuwatunga.

Kwetu mtu hatambulishwi bila kutajiwa baba, babu, na babu wa babu. Kila nilipobuni ukoo, Liban alionekana mtoto wa kuokotwa. Basi nikamkopea ukoo wa jirani yangu Mzee Guled, kuanzia yeye mwenyewe kama baba hadi babu wa saba, kwa mpangilio wao. Nilijiambia, nani atasoma?

Hakuna aliyesoma. Lakini kila alasiri nilimsimulia dada yangu Dahabo kwa Kisomali, na Dahabo akisikia kitu mara moja, hakimtoki tena.

Leo asubuhi afisa mpya aliniita nitafsiri. Alikuwa ameketi na mchuuzi wa mbuzi nisiyemjua, aliyeleta habari za shifta, wale waasi wa msituni. Mchuuzi akaapa wallahi, akaanza. Kuna mtu ana kovu shavuni. Ngamia wake walichukuliwa. Anajificha karibu na kisima chenye mti uliopigwa na radi.

Kisima hicho nilikichimba mimi, kwa kalamu. Mti ule niliupiga radi mwezi wa Ramadhani, nikiwa na njaa.

Kisha akataja ukoo: Liban wa Guled, wa Warsame, wa Jama, mpaka wa saba, bila kukosea. Ningeweza kubadilisha jina moja tu, na nani angejua? Nikatafsiri yote, neno kwa neno. Nilitaka kuandika hapa kwamba ni mazoea ya kazi. Si kweli. Niliogopa.

Afisa akaniuliza, "Huyu Guled ana mtoto?"

"Mmoja tu, effendi. Hassan. Yuko Bura na mbuzi wake. Hana kovu."

"Shifta hubadilisha majina," akasema, akaandika. Lori la askari litaondoka kwenda Bura kesho asubuhi.

Kwa nini nilimtaja Hassan?

Nilipofika nyumbani nilimwuliza Dahabo kama alimsimulia mtu. "Walaal, ndugu yangu, wanawake wote wanaoteka maji mtoni wanampenda Liban," akasema, uso umejaa fahari. "Jana mmoja alilia. Akaniuliza, anakula nini huko msituni?"

Naona aibu kukiri hili: kwa muda mfupi nilifurahi.

Mzee Guled amepita uani sasa hivi. Amenisalimu kwa kutaja majina ya baba na mama yangu, kama kawaida yake, akauliza kama ofisini tumesikia habari ya mvua huko Bura, maana kijana wake yuko kimya. Nimemwambia sijui. Amenishukuru.

Madaftari sita yako mbele yangu. Nikiyachoma, sina cha kuonyesha kwamba Liban ni wa kubuni. Nikiyapeleka, nitaulizwa mtumishi wa serikali ameyajuaje maisha ya msituni, na huenda nikapandishwa lori hilo hilo. Hata hivyo nitayapeleka. Nitafika kabla halijawashwa, nimsomee afisa mwenyewe kuanzia mwanzo, aone kwamba ni hadithi.

Nimefungua ukurasa wa kwanza ili nijizoeze. Sijaugusa tangu mwaka juzi, na nilikuwa nimesahau nilivyoanza. Mwandiko ni wangu, mzuri, wa mtu asiye na wasiwasi:

"Wallahi, haya ni ya kweli, na mtu mwenyewe namjua."