Kahawa Niliyoipanda kwa Kipanya

Jumanne, 4 Machi

Maghala ninayoyajenga kwenye kompyuta yanaelea tena. Nimeyashusha mara tatu na bado yako juu ya ardhi, urefu wa mtu mzima. Malori yamepaki chini ya sakafu. Nimecheka peke yangu ofisini saa ya chakula, wenzangu wakiwa kwa mama lishe.

Kazi ya mshahara ni kujaza nyaraka za mizigo inayovuka kwenda Zambia na Kongo. Hii nyingine hainilipi kitu, na ndiyo ninayoiwaza nikiwa njiani.

Bwalya amejibu kutoka Nakonde. Ni fundi wa redio za magari, ng'ambo tu ya mpaka, na ndiye mwalimu wangu wa ujenzi huu tangu mwaka jana. Kaandika, kwa "Ba" yao ya heshima: "Ba Lusia, maghala hayana kosa. Ardhi yako ndiyo mbaya. Kwanza vilima, halafu nyumba." Kweli. Nilikuwa na haraka ya kujenga, vilima nikaviacha jinsi nilivyovikuta.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kutwa. Umeme umekatika mara mbili, nimepoteza kazi ya saa nzima. Hasira.

Niandike kwa nini nafanya haya, maana leo nimejiuliza. Mwaka jana niliweka kwenye laptop ile programu ya kurusha ndege, inayofanana na ile wanayojifunzia marubani. Sijawahi kupanda ndege hata siku moja. Nikapaa kutoka uwanja wa Mbeya, nikafuata barabara kuu mpaka mpakani. Tunduma haikuwepo. Majani matupu, na nyumba sita za nchi za watu, zenye gereji na bustani mbele. Nikazunguka pale hadi mafuta yakaisha. Niliumia kweli. Watu wote hawa, foleni yote hii ya malori, halafu hatupo.

Baadaye nikajua kwamba mandhari ya mle hutengenezwa na watu wa kawaida, majumbani mwao, bila kutumwa na mtu. Unachukua picha ya setilaiti, unaitandika juu ya ardhi kama shuka juu ya godoro. Kisha unasimamisha nyumba moja moja.

Nikasema basi nami nitajifunza.

Jumapili, 9 Machi

Maghala yametua! Yote kumi na moja.

Baada ya ibada nimezunguka sokoni na simu kupiga picha za kuta na mabati. Nataka kutu ya kweli. Mwenye duka la khanga, mzee mmoja aliyehamia hapa kutoka Tanga, akauliza napiga picha ukuta wake kwa nini. Nikamweleza. Akaita majirani, nikawaeleza tena wote. Mwisho akataka duka lake nilipake rangi mpya humo ndani, maana la kweli hajalipaka. Nimemwahidi. Upande wa forodha sipigi picha, nachora kwa kukumbuka tu. Sitaki maswali.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeanza Ihanda, kijijini kwetu. Tunduma haijaisha, najua. Lakini nimepatamani nyumbani.

Tatizo: kwenye picha ya setilaiti kuna wingu. Limekaa juu ya shamba letu hasa, kuanzia nyuma ya nyumba hadi kijitoni. Nimetafuta picha nyingine. Ya zamani ina ukungu, huoni kitu. Bwalya kanifundisha dawa yake: unanakili kipande kisafi cha jirani, unakibandika juu ya wingu, unalainisha kingo. Nimechukua mistari ya kahawa ya upande wa juu, nikaibandika hadi kwenye maji. Kisha nikapanda milingoti, mikaratusi yetu ile, mmoja mmoja kandokando ya kijito. Mti mle ni picha mbili tu zilizokatizana kama msalaba, lakini ukiwa angani hujui.

Imependeza mno. Hadi nimesikia harufu ya jikoni kwa mama.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nimerudi Tunduma. Pasaka nimekula nyumbani.

Nilienda na laptop. Nikamrusha mama kutoka Vwawa hadi juu ya bati lake. Alishika ukingo wa meza kama anaanguka. "Yesu wangu, lile kanisa! Ile mashine ya kusaga!" Kisha akaona nyumba yetu na kaburi la baba pembeni, nililoliweka dogo, jeupe. Akaniomba nizunguke tena, polepole. Tumezunguka mara saba.

Mdogo wangu Elia alisimama nyuma yetu. Yeye ndiye anayelima pale tangu baba afariki, mwaka juzi. Mwishoni akasema nishuke kijitoni. Nikashuka. Akatoa simu, akarekodi. Nikafurahi, nikidhani kapenda.

Jumapili, 27 Aprili

Elia kapiga simu. Ile video kaipeleka kwenye baraza la ardhi la kijiji.

Niandike taratibu.

Kati ya shamba letu na la baba mdogo Yesaya kuna ukanda unaoshuka hadi kijitoni. Ardhi nzuri, nyeusi. Baba alipokuwa hai hakuna aliyeuliza ni wa nani. Kaka na mdogo wake walilima wakipishana. Baba alipozikwa, maneno yakaanza. Elia anasema mpaka uko kwenye maji. Baba mdogo anasema uko juu, kwenye njia ya zamani. Mwaka wa pili sasa hawasalimiani. Baba mdogo haingii kwa mama.

Na mimi nimepanda kahawa yetu hadi kwenye maji.

Elia amewaambia ni picha ya setilaiti, na kwamba dada yake anayefanya kazi na kompyuta ataithibitisha. Wamenipangia Alhamisi, tarehe 8 Mei. Alikuwa na furaha sana kwenye simu. Sikumwambia. Nimesema "sawa", nikakata.

Mimi ni mwoga.

Jumatano, 30 Aprili

Nimetafuta picha zote zinazopatikana. Wingu. Ukungu. Wingu. Moja ni safi lakini imepigwa juu sana, shamba zima ni kidoa kama punje ya mtama. Sijui mpaka uko wapi. Ukweli ni kwamba sikuwahi kujua.

Ofisini nimekosea nyaraka mbili. Bosi kauliza kama naumwa.

Nimemweleza Bwalya kila kitu. Nilidhani atacheka. Kaandika: "Pole sana, Ba Lusia. Mimi ndiye nilikufundisha kufunika wingu. Sikukufundisha kuandika kwamba umelifunika." Kisha akaniuliza kama mama anajua. Hajui.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda Ihanda kumwambia Elia ana kwa ana. Nilimkuta anapalilia. Nikamwambia palepale shambani: ile kahawa si ya kweli, niliinakili, chini yake kulikuwa na wingu.

Aliendelea kupalilia. Nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Na aliyenifundisha."

"Basi inatosha. Sema ni picha, ukae. Hawatakuuliza zaidi."

Nikasema siwezi. Akatupa jembe. Sijawahi kumwona hivyo. "Dada, wewe uko Tunduma. Unakuja Pasaka na Krismasi. Mimi ndiye ninayelala hapa, nikiamka namwona yule mzee kasimama kwenye udongo wa baba. Uko upande gani?"

Ana haki ya kusema yale. Aliacha shule kidato cha pili ili mimi nimalize. Hajawahi kunitajia hilo, na leo pia hakulitaja. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Mama alikuwa mlangoni tuliporudi. Sijui alisikia nini. Alitupakulia chakula, akatazama sahani zetu tu.

Jumatano, 7 Mei

Nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya kesho. Laptop nimeichaji. Mara naamua kusema, mara naamua kunyamaza. Nikinyamaza, Elia anapata haki, pengine ni haki yake kweli. Nikisema, namvua nguo mbele ya watu. Hakuna njia ambayo haiumi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimesema.

Tulikaa ofisi ya kijiji. Wazee saba, akina mama wawili, mwenyekiti. Elia kavaa shati la kanisani. Baba mdogo kakaa pembeni peke yake, kofia magotini. Amezeeka. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo.

Video ikaonyeshwa. Watu wakaguna kwa kustaajabu. Mwenyekiti akaniuliza: "Binti, hii ni picha ya kweli ya shamba?"

Nikaona nikieleza kwa maneno hawataelewa. Nikafungua laptop, nikaiweka kwenye benchi, nikawaita wasogee. Nikaishika ile kahawa ya kijitoni kwa kipanya, nikaiinua yote, nikaibandika uwanjani mwa kanisa. Mama mmoja akashika kifua. Kisha nikang'oa milingoti, nikaipanda barabarani.

"Niliichora mimi," nikasema. "Setilaiti haikuona kitu pale. Elia hakudanganya, alidhani ni picha. Kosa ni langu, sikumwambia."

Sentensi ya mwisho haikuwa kweli yote. Jumamosi nilimwambia. Nimeamua kuibeba.

Elia alitoka bila kuaga.

Nilitegemea baba mdogo afurahi. Hakufurahi. Alikaa akikunja kofia yake, kisha akasimama, akasema maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia. Yeye na baba, wakiwa vijana, walipogawiwa shamba na babu, walizika mkaa mpakani. Debe zima. Mkaa hauozi. "Lakini mahali penyewe nimepasahau," akasema. "Njia ya zamani nilisema kwa hasira tu. Elia alinijia juu kabla ya matanga kwisha, nami nikajibu hivyo. Sikuweza tena kurudi nyuma."

Baraza likaamua kuchimba, Jumamosi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimelala kwa mama. Elia hajaja kula. Mama amesema jambo moja tu, akimenya viazi: "Baba yako angeona aibu." Sikuthubutu kuuliza aibu ya nani.

Jumamosi, 10 Mei

Walichimba tangu asubuhi. Baba mdogo alionyesha mahali, hakuna. Akaonyesha pengine, hakuna. Wakachimba kwenye njia ya zamani, udongo mtupu. Wakachimba kijitoni, maji. Saa nane wazee wakaanza kuchoka, mmoja akasema pengine debe lenyewe ni hadithi.

Elia alikuwa amesimama mbali, mikono mfukoni. Ghafla akaja, akachukua sururu mkononi mwa mzee mmoja, akaenda kwenye kisiki kilicho katikati ya ukanda. Akasema baba alikuwa akifika pale na jembe, anageuza. Kila mwaka anageuza palepale. Yeye alidhani ni kwa sababu ya kisiki.

Akachimba. Kina cha magoti, udongo ukawa mweusi wa namna nyingine. Akapiga magoti, akapekua kwa mikono. Vipande vya mkaa, vikubwa, vimekauka, unaona bado pete za mti.

Katikati. Si kwenye maji, si kwenye njia. Wote wawili walikosa, wote wawili walipata nusu.

Hakuna aliyeshangilia. Baba mdogo alishuka shimoni kwa shida, akashika kipande kimoja. Akasema, "Hiki alikivunja kaka." Akalia kama mtoto. Elia hakumkumbatia. Lakini hakutoka shimoni pia. Walikaa humo wote wawili, na sisi tukatazama pembeni.

Jumapili, 25 Mei

Elia hapokei simu zangu. Wiki mbili. Mama anasema anakula, anafanya kazi, hanitaji.

Namlaumu kidogo. Najilaumu zaidi. Nikifikiria sana naona ningesema siku ile ile ya Pasaka, kwa sentensi moja, na yote haya yasingekuwepo. Na mkaa usingepatikana. Sijui nifanye nini na wazo hilo.

Bwalya kanitumia somo jipya, taa za barabarani. Sijalifungua.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefungua. Taa zinawaka. Foleni ya malori imekaa vizuri, kilomita mbili, kila lori na turubai lake. Kwenye maelezo yatakayoambatana na mandhari nimeongeza ukurasa: kipi nilipiga picha, kipi nilipima, kipi nilikisia. Kilichokisiwa ni kingi kuliko nilivyodhani. Mzee wa duka la khanga amepata rangi yake, bluu. Na yeye nimemwandika humo: rangi si ya kweli.

Jumatano, 18 Juni

Ujumbe kutoka kwa Elia. Wa kwanza. "Mama anauliza kama unakuja kuchuma." Hakuna salamu. Nimeusoma labda mara ishirini.

Nimejibu: nakuja.

Jumapili, 22 Juni

Jana tulichuma kutwa. Kahawa imeiva vizuri mwaka huu. Baridi asubuhi, vidole vinakufa, kisha jua. Mimi na Elia mstari mmoja, yeye upande huu, mimi ule. Alinishushia matawi ya juu nisiyofikia, akayashikilia hadi nimalize, akaachia. Mchana mke wa baba mdogo alituletea viazi na chai kwenye birika, akaingia ndani kumsalimia mama. Walikaa muda.

Jioni Elia alinibebea begi hadi barabarani. Costa, basi dogo la Tunduma, ilichelewa. Tulisimama. Akaniuliza kama Tunduma kuna baridi kama hii. Nikasema kuna upepo zaidi. Akaitikia kwa kichwa.

Gari lilipofika aliingiza begi mwenyewe, akatafuta mahali pazuri pa kuliweka. Nilipokaa, akapiga bodi mara mbili kwa kiganja, dereva akaondoa gari.