Betri ya Kunirudisha Ekerenyo

Kajiado,
Jumanne jioni.

Magokoro, nyanya yangu mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Umande wa huko haujalitesa? Huku mimi na Baba tu wazima. Vumbi ni jingi, lakini pumu haijanisumbua tangu muhula uanze. Ninachokosa ni wewe, na ule ukungu unaolala juu ya majani ya chai asubuhi, ingawa ndio uliotutenganisha.

Unakumbuka lile gari la kulala ambalo Baba huwapeleka nalo wageni nyikani, tulilokuja nalo kwako Desemba ya mwaka juzi? Ukungu ulificha jua siku mbili, paneli za juu ya gari zikakosa la kuchaji, betri zikaisha, na kifua kiliponibana mashine yangu ya mvuke wa dawa ikazima kabla dawa haijaisha. Baba akanikimbiza hospitalini Nyamira, nawe ukabaki mlangoni na mwiko mkononi. Ile mboga ya chinsaga uliyonitilia maziwa sikuionja. Tangu siku hiyo Baba amekataa nilale mahali pasipo na stima.

Sasa mwenye gari ameng'oa betri zile za kuongezwa maji, akanunua ya lithiamu. Za zamani zilibebwa na watu wawili wakiguna. Hii Baba aliinua peke yake kama mkungu wa ndizi. Fundi anasema hata ikibaki robo, nguvu yake hailegei. Baba akaniambia, "Mashine yako ikifanya kazi siku tatu bila jua, nitaomba ruhusa twende kwa mama yangu."

Waliifunga Ijumaa, mbio mbio, kabla jua halijatua. Jumamosi asubuhi nikabonyeza mashine. Kimya.

"Nati ya betri imelegea," Baba alisema, akaendelea kufunga tai ya kanisani.

"Si uikaze?"

"Leo ni Sabato. Spana zimelala."

"Baba, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato si hutolewa?"

"Kwani wewe ni ng'ombe?"

"Kwa safari ya Ekerenyo, ndiyo."

Alicheka mpaka tai ikapinda. "Ungekuwa unakohoa ningeikaza hata katikati ya mahubiri. Lakini leo unapumua kunishinda. Tungoje."

Tukangoja. Kanisani niliombea nati, Magokoro, nikaona haya. Jua lilipotua Baba aliikaza, mashine ikanguruma.

Kisha tulifunika paneli kwa turubai, tukaliita turubai hilo ukungu wa Ekerenyo. Kila asubuhi na jioni niliiwasha mashine dakika kumi, bila dawa, nikitazama taa yake. Leo ni siku ya tatu. Taa haijafifia hata kidogo. Mwenye gari ametupa siku nne mwezi wa Desemba. Baba anasema, "Kifua chako kikikubali," lakini nimemsikia akipiga mluzi.

Tutaegesha kando ya migomba, mbali na moshi wa jikoni. Nitalala garini, mlango ukitazama wako, ili tuzungumze kila mtu akiwa kitandani.

Msalimie Baba Mdogo huko shambani kwenye chai, na Shangazi wa duka la Keumbu. Yule kuku wa kuchongwa kwa jiwe la Tabaka uliyenipa yuko dirishani. Nimemgeuza atazame upande wa nyumbani.

Panda chinsaga sasa, Magokoro. Safari hii sufuria nitaisafisha kwa kidole.

Mjukuu wako mwenye pumzi na hamu,
Kwamboka